Kidato cha sita, stashahada au faundesheni: upite mlango gani kwenda chuo kikuu?

Kila mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, benchi la steshenari yangu hapa Kabwe hujaa watu wa aina mbili. Wa kwanza wamekuja kuomba chuo. Wa pili wamekuja kuuliza kwa nini mfumo unawakataa. Hao wa pili ndio walionifundisha haya ninayoandika. Kosa lao mara nyingi halikufanyika siku hiyo kwenye kompyuta. Lilifanyika miaka miwili au mitatu nyuma, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, familia ikachagua njia bila kuuliza inakoishia.

Mwezi wa nne alinijia mama mmoja kutoka Rungwe na mwanawe wa kiume. Akaanza kabla hajakaa: "Mwanangu, huyu mdogo wako ana daraja la pili. Baba yake anataka aende form five. Mjomba wake anasema apelekwe chuoni pale Iyunga akachukue diploma ya umeme, apate kazi mapema. Wewe unaonaje?"

Nikamwuliza kijana anataka kusomea nini. Akatazama viatu vyake. Mama akamjibia.

Sikuwapa jibu siku ile, na hapa sitasema njia moja inazishinda zote, kwa sababu nimeona watoto wa njia zote tatu wakivaa joho, na nimeona wa njia zote tatu wakikwama. Nitaziweka bega kwa bega, nizipime kwa maswali yale yale. Njia inakudai nini kwenye cheti cha kidato cha nne? Inachukua muda gani? Nani analipa? Mwisho wake chuo kikuu kinapima nini? Na ukijikwaa katikati, unabaki na nini mkononi?

Njia zenyewe ni hizi: kidato cha tano na sita, stashahada, ambayo mtaani tunaiita diploma, na faundesheni ya Chuo Kikuu Huria. Hii ya tatu haianzi kidato cha nne. Ni ya mtu aliyekwisha kupita mojawapo ya zile mbili akateleza kidogo. Nimeiweka kwa sababu wengi hawajui kuwa ipo, wanarudi shambani wakiwa bado na mlango.

Kwanza, anayeweka masharti ni nani

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayoweka kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza nchi nzima. Chuo kinaweza kuongeza juu ya hapo, hakiwezi kushusha. Kwa hiyo ukiomba MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoko Iyunga), Teofilo Kisanji, Katoliki Mbeya, kampasi ya Mzumbe ya Mbeya au chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoko Mbeya, au ukivuka Makambako kwenda Mkwawa, RUCU (Katoliki Ruaha) na Chuo Kikuu cha Iringa, sakafu ni moja. Kinachotofautiana ni ngazi ambazo kila chuo na kila kozi imeongeza. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, lakini kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika ndicho cha kusoma kwanza. Kiko mtandaoni, na ni bure. Nasema hivyo nikijua kuna watu wanakiuza.

Cheti cha kidato cha nne kinadaiwa nini

Kidato cha tano kinataka daraja la kwanza mpaka la tatu, na krediti, yaani A, B au C, katika masomo yasiyopungua matatu. Zaidi ya hapo krediti hizo ziwe kwenye masomo ya tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, utakayosoma. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Daraja la pili zuri lisilo na krediti ya Hisabati halikupeleki PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo uchaguzi ni mpana kuliko enzi zetu za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), lakini upana huo ni wa kuutazama kwa jicho la pili: kabla hujachagua tahasusi mpya, fungua kitabu cha TCU uone kozi unayoitaka inataja masomo hayo.

Stashahada inaanza na D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Ndiyo maana hata mwenye daraja la nne anaweza kuingia. Lakini D hizo nazo zina majina. Stashahada za afya, kama tabibu na uuguzi, zinataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo. Za uhandisi zinataka Hisabati na sayansi. Mwenye D za Kiswahili, Uraia, Historia na Jiografia asitegemee kufungua lango la chuo cha afya kwa kuwa tu amefikisha nne.

Faundesheni haianzi na cheti hiki, inaanza na kile kilichofuata: angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.0.

Kuna jambo moja la kushika kwa njia zote. Cheti cha kidato cha nne hakizikwi. Utakuwa na stashahada nzuri, chuo kikuu bado kitauliza D zako nne ziko wapi. Kozi nyingine zinataja somo kwa jina: ufaulu wa Hisabati kidato cha nne, au Kiingereza, au Kemia. Kama una F ya Hisabati na moyo wako uko kwenye uhasibu au uhandisi, rudia somo hilo mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukiwa bado kijana na kichwa bado kinakumbuka.

Muda

Chukua aliyepata matokeo Januari 2026. Akienda kidato cha tano ataanza Julai, atafanya mtihani Mei 2028, atapitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Oktoba au Novemba 2028 atakuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwenzake wa stashahada ataanza Septemba au Oktoba 2026, atapanda ngazi za mafunzo ya ufundi, ya 4, ya 5 na ya 6 ambayo ndiyo stashahada, amalize katikati ya 2029, aingie chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo. Tofauti ni mwaka mmoja. Na hapo stashahada haikupunguzii shahada: wote wawili wanaanza mwaka wa kwanza. Nawaambia wazazi hili kila mara, maana wengi wanadhani mwenye diploma anarukishwa.

Faundesheni inaongeza takribani mwaka kwa aliyekwisha kumaliza mojawapo.

Nani analipa

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Utanunua godoro, sare, madaftari, sweta la baridi kama amepangiwa Malangali au Njombe, utatoa na michango, lakini hakuna ada. Kwa familia inayoishi kwa viazi vya Uporoto au mpunga wa Kyela, tofauti hii ndiyo inayoamua mambo.

Stashahada ina ada kila mwaka kwa miaka mitatu, na kwenye vyuo vya binafsi aghalabu ni kubwa kuliko vya serikali, juu yake chumba na chakula, kwa sababu wengi wanapanga mtaani. Tangu 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada, ila ni kwa kozi za vipaumbele, zikiwemo za afya na ualimu wa sayansi. Usijaze fomu ya stashahada ya biashara ukidhani mkopo utafuata.

Faundesheni unalipa mwenyewe. Nafuu yake ni kwamba Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa, na masomo yamepangwa kwa mtu anayeendelea na shughuli zake. Dereva bodaboda mmoja wa hapa Kabwe alisoma hivyo, vitabu kwenye begi, anasoma akisubiri abiria.

Mkifika shahada ya kwanza, mkopo wa Bodi uko wazi kwa wa kidato cha sita na wa stashahada pia. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/2023, ni wa waliong'ara zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, kwa hiyo kama mtoto ni wa kupata A za PCM au PCB, hilo ni jambo la kuweka kwenye mizani.

Mwisho wa njia chuo kikuu kinapima nini

Hapa ndipo penye mambo.

Kwa kidato cha sita, sakafu ya TCU ni prinsipo mbili (ufaulu kamili wa somo, kuanzia E kwenda juu) zenye jumla ya pointi 4, katika masomo mawili yanayoitambulisha kozi unayoomba. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. S ni nusu pointi na si prinsipo. (Waliomaliza 2014 na 2015 alama zao zinahesabiwa kwa kipimo kingine, kwa hiyo kaka mtu asimfundishe mdogo wake kwa cheti chake.) D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi, ni pointi 3.

Neno zito katika sentensi ile ni "yanayoitambulisha kozi". Watu wanahesabu masomo yote matatu, wanajumlisha, wanafurahi. Binti mmoja wa PCM alikuja ana B ya Kemia, D ya Fizikia na S ya Hisabati. Kwa kujumlisha vyote ana pointi sita na nusu. Lakini uhandisi unatambulishwa na Fizikia na Hisabati ya juu, na hapo yeye ana pointi mbili na nusu na prinsipo moja. Mfumo ulimkataa mara tatu, akadhani intaneti ndiyo mbovu. Tulipotafuta kozi zinazosimama kwenye Kemia na Fizikia, zikamkubali. Kozi nyingine zinapanda juu zaidi ya sakafu: udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, pointi zisipungue 6.

Kwa stashahada, sakafu ni D nne za kidato cha nne pamoja na GPA isiyopungua 3.0. Na hii 3.0 ina mtego wake. Kwenye ngazi ya 6, daraja la pili la chini linaanzia 2.7 mpaka 3.4. Maana yake mtu anaweza kupata daraja la pili, akafanyiwa sherehe, ng'ombe akaanguka, na chuo kikuu kikamkataa kwa sababu GPA yake ni 2.8. Wa ualimu hupimwa kwa wastani wa B. Baadhi ya vyuo na kozi hudai zaidi ya 3.0, na kozi zenye foleni ndefu nafasi za wenye stashahada huwa ni chache kuliko za kidato cha sita. Jambo lingine: stashahada lazima iendane na shahada. Stashahada ya kilimo ya Uyole haikupeleki kwenye sheria. Kidato cha sita cha HGL kinakuachia milango mingi wazi mpaka dakika ya mwisho. Stashahada imekwisha kukuchagulia chumba.

Lakini ndani ya chumba hicho mwenye stashahada anatembea bila kugonga ukuta. Walioanza pale MUST kwa stashahada wakaendelea na shahada ya uhandisi hunieleza kwamba karakana ya mwaka wa kwanza kwao ni kama kurudi nyumbani, wakati wenzao wa PCM ndio kwanza wanashika bisibisi.

Kwa faundesheni, TCU inataka GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya fani yako, iwe sanaa, sayansi au biashara. Ukifikisha, unaweza kuomba vyuo vingine pia, si Huria peke yake. Ukisikia chuo fulani kinakuuzia "kozi ya maandalizi" nyingine yoyote, fungua kitabu cha TCU kabla hujafungua pochi.

Na kwa wote, kufikisha sifa si kupata nafasi. Pointi 4 zinakuruhusu kusimama kwenye foleni tu.

Mambo ya karatasi

Wa kidato cha sita dirisha la maombi linamkuta JKT, Mafinga au Itende au mbali zaidi, simu hana. Anayejaza ni mzazi au kaka, na hapo majina ya kozi yanachaguliwa kwa kusikika vizuri. Kabla kijana hajaondoka, kaeni aandike kwa mkono wake kozi tano kwa mpangilio, muache karatasi hiyo nyumbani.

Mwenye stashahada anahitaji namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, baada ya chuo chake kupeleka matokeo. Chuo kikichelewa kupeleka, yeye anakosa awamu ya kwanza ya udahili bila kosa lake. Anza kuwasumbua ofisi ya taaluma mapema. Wasumbue kwa adabu, lakini wasumbue.

Wote: namba ya mtihani ya kidato cha nne unayoombea chuo iwe ile ile unayoombea mkopo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, wanatumia moja huku na nyingine kule, kisha majina yanakosa kukutana. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kabla ya msongamano. Na ukidahiliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri wanayokutumia, ndani ya muda. Kwa hiyo tumia namba ya simu iliyo hewani, si laini ya promosheni utakayoitupa kesho.

Ukijikwaa

Wa kidato cha sita akianguka, anabaki na cheti cha kidato cha nne na mikono mitupu ya ujuzi. Si mwisho: mwenye prinsipo moja na S moja anaweza kuanzia ngazi ya 5 katika kozi nyingi zisizo za afya, akapata stashahada kwa miaka miwili, au akajaribu faundesheni akiwa na ile 1.5. Wa stashahada akikatishwa na ada mwaka wa pili, anaondoka na cheti cha ngazi aliyomaliza, na cheti hicho kina maana kwa mwajiri. Kwa familia ambayo haina uhakika wa mavuno ya mwakani, hili linaweza kuwa zito kuliko pointi zote.

Nani aende wapi

Kama una krediti nzuri kwenye masomo ya tahasusi yako na bado hujui unataka kuwa nani, kidato cha sita kinakupa miaka miwili ya kuamua, tena bila ada. Hivyo hivyo kama unalenga udaktari na sayansi zako zimesimama. Njia ya tabibu kwenda udaktari ipo, lakini ni ndefu na viti vyake ni vichache.

Kama unaijua kazi unayoitaka kwa jina lake, na mkono wako unafurahia vitu vya kushika, na nyumbani kuna mtu wa kulipa ada miaka mitatu mfululizo, stashahada inakufaa. Ila weka lengo la GPA ya 3.5 tangu muhula wa kwanza, si 3.0, upate pa kuteleza. Kama una D tupu, ndiyo njia yako iliyo wazi leo, mradi D zenyewe ziwe za masomo yanayotakiwa.

Kama una D na E za kidato cha sita, au stashahada ya 2.6 na kazi tayari, na umri unakwenda, nenda kituo cha Huria kilicho karibu ukaulize faundesheni kabla hujaanza upya kitu chochote.

Kama nyumbani fedha ni ya msimu na krediti unazo, anza kidato cha tano. Kama fedha ni ya msimu na krediti huna, uliza kwanza kozi zipi za stashahada zinapata mkopo mwaka huu, kisha uone ipi kati yake unaipenda.

Na yule kijana wa Rungwe? Tulifungua matokeo yake pamoja. Krediti za Kemia, Baiolojia, Jiografia. Fizikia nayo krediti, ila ni C. Hisabati D. Nikamwambia mama: baba yuko sahihi kwamba anaweza kwenda form five, lakini atakwenda CBG au PCB, na huko umeme haupo. Mjomba yuko sahihi kwamba Iyunga inamwezekana, lakini ada ni ya miaka mitatu na hiyo D ya Hisabati itamfuata darasani. Kijana akainua kichwa mara ya kwanza. Akauliza kama PCB inaweza kumfikisha kwenye maabara za hospitali. Nikamwonyesha ukurasa.

Dirisha la kubadilisha tahasusi kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, lilikuwa bado wazi, siku tisa zimebaki. Mama akalipa kopi zake mbili, wakapanda daladala ya Uyole kuwahi gari la Tukuyu, wakaongee na baba.